Namba Niliyoirudisha

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakitaja miji waliyofika, mimi nataja vyumba. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Dodoma kung'olewa jino, na nilirudi siku hiyohiyo na jino lenyewe nimelifunga kwenye leso, maana sikutaka hata kipande changu kilale ugenini. Kwa hiyo mpwa wangu aliponipigia simu mwezi uliopita kuniambia kwamba Idrisa amekutwa shambani kwake Mgori, ameanguka kifudifudi katikati ya alizeti, na kwamba mazishi ni saa kumi, alimalizia kwa kusema, "Ila wewe usijisumbue, shangazi. Tunajua husafiri. Tutakuwakilisha." Akakata. Mgori si mbali. Mtu akitoka Singida mjini baada ya chai anafika hata jua halijapanda kichwani. Katika miaka zaidi ya ishirini sikuwa nimekwenda hata mara moja, na ukoo mzima ulishakubaliana kwamba ni uvivu wangu. Niliwaacha wakubaliane hivyo kwa sababu uvivu ni aibu nyepesi, mtu anaibeba huku anacheka. Siku hiyo nilijitanda khanga nikaenda stendi.

Habari za baba, mama, na nani alizaliwa kijiji gani nitaziruka. Hazikuchangia kosa langu, wasibebeshwe. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule ambao Idrisa, mtoto wa shangazi yangu, alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta iliyofungwa kwenye blanketi. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila kitu kimefunguliwa mlango kwa mara moja: mitumba, redio, sabuni za rangi, mabasi ya watu binafsi yanayoshindana kwa honi. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho alama zake sizitaji mbele ya watoto, na nilikuwa karani wa tiketi kwa Haji Rajabu, mzee wa mjini aliyekuwa na mabasi mawili ya kwenda Dodoma. Idrisa alikuwa binamu yangu, kwa hiyo utani ulikuwa halali yetu, na yeye hakuacha halali ipite. Aliniita Bi Kizingiti. Siku aliyofika alisimama mlangoni na blanketi lake mikononi akasema, "Bado umekaa palepale nilipokuacha? Nilidhani angalau ungehamia upande wa pili wa mkeka."

"Na wewe umekwenda mbali kote huko," nikamjibu, "umerudi na televisheni isiyo na watu ndani."

Kompyuta ile ilikaa sebuleni kwa Shangazi, juu ya meza ya cherehani, katikati ya kabati la vyombo ambavyo havikuwahi kutumiwa na picha ya Makka yenye fremu ya dhahabu. Shangazi aliifumia kitambaa cheupe na kila tulipomaliza kazi alitaka ifunikwe kama sahani ya mgeni. Nilikuwa nikitoka kwenye dirisha langu la tiketi alasiri naenda kula pale, ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine kuku, na kumtazama Idrisa akiandika. Mara nyingi wakubwa walisahau kama nipo, na ndivyo nilivyosikia. Nilikuwa kwenye ukumbi napepeta mchele, na Shangazi yuko jikoni na jirani yake, Mama Tatu.

"Kampuni yao imefungwa nini?" Mama Tatu anauliza.

"Ingefungwa ningeshukuru," Shangazi akasema. "Kaangukia ofisini, mbele ya watu. Wakamwambia akapumzike. Kupumzika gani kusikokuwa na siku ya kurudi?"

Kisha akahamia Kinyaturu, kama alivyofanya kila neno lilipokuwa zito, na mimi nikaendelea kupepeta kwa nguvu wasijue kwamba na Kinyaturu nakielewa. Kifafa. Alikuwa nacho tangu utoto na alikuwa anameza vidonge vyake kila asubuhi, amegeukia ukuta. Hapa mjini, ukiacha nyumba ile na Mama Tatu, hakuna aliyejua, na tuliojua tulijua kwa nini. Kwetu watu humkimbia mtu aliyeanguka. Wanasema povu lake linaambukiza, na wanaosema hivyo ni pamoja na wenye vyeti vya kidato cha nne.

Siku moja Idrisa alikuja stendi kunicheka nikiwa kazini, akaishia kutocheka. Alitazama karatasi yangu ya viti. Kila basi lilikuwa na karatasi yake, viti vimechorwa kama visanduku, na desturi yetu ilikuwa hii: aliyelipa anaandikwa kwa kalamu ya wino, aliyeahidi anaandikwa kwa penseli. Na walioahidi walikuwa wengi kuliko waliolipa. Mtu wa Ihanja au wa Nduguti hakuja mjini kukata tiketi, alituma neno kwa mtu anayekuja gulioni, "Mwambie yule binti aniwekee kiti, nitakuja na nauli siku ya safari." Ukikataa umemtukana. Ukikubali huna chako mkononi. Kwa hiyo penseli, na kifutio, na tena penseli, mpaka karatasi inatoboka na watu wawili wanakutana mbele ya kiti kimoja, mmoja na tiketi, mwingine na mbuzi.

"Hiki kiti hapa ni cha nani?" Idrisa akaniuliza, kidole kimeingia kwenye tundu.

"Hicho ni dirisha," nikasema.

Wiki ileile alianza kuandika programu. Alitaka basi lichorwe kwenye kioo cha kompyuta, nami nibofye kiti kibadilike rangi. Mwanzo kilikuwa kijani kikiwa wazi, na ukikibofya kinaruka kuwa chekundu. Kilifanya kazi. Mimi nikampigia makofi, nikidhani tumemaliza. Idrisa akakunja uso. "Kinaruka," akasema. Nikamwambia ndiyo, si umekiamuru? Akaniambia nigeuze macho niangalie kabati la Shangazi, kisha nigeuke tena nimtajie kiti alichobadilisha. Nikashindwa. "Umeona? Kikiruka wakati umepepesa jicho, umekikosa. Inabidi kiende. Jicho linafuata kitu kinachokwenda." Basi akakaa siku kadhaa akikifundisha kiti kutoka kijani kwenda nyekundu hatua kwa hatua, ngazi ndogondogo ambazo jicho halizihesabu, na matokeo ya kwanza yakatuvunja mbavu, maana katikati ya safari kiti kilipita kwenye rangi ya tope. Shangazi alikuja na sinia la chakula, akatazama kioo, akasema, "Na humo mnapika mlenda?" Idrisa alicheka mpaka akashika meza. Kesho yake kiti cha wazi kilikuwa cheupe, na kutoka nyeupe kwenda nyekundu kilipitia waridi, bila tope.

Nakumbuka alivyokuwa akinieleza mambo hayo kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nampa mtihani. Hata mwendo wenyewe haukuwa mwendo tu. Rangi ikienda kwa kasi moja mwanzo mpaka mwisho, alisema, inaonekana kama mtu aliyesukumwa. "Basi la Haji likitoka stendi linaruka? Linaanza kujivuta, linakolea barabarani, likikaribia Manyoni linapunguza. Na rangi hivyohivyo." Nikamwambia dereva wa Haji hajawahi kupunguza popote. Mimi mambo ya hesabu zake niliyaona kama kufuma: sikujua kwa nini mtu ahangaike na nyuzi ndogo vile, lakini kitambaa kilikuwa kizuri. Kiti cha ahadi ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Hakikutulia. Kilikwenda kutoka nyeupe kuelekea nyekundu na kurudi nyeupe, kikaenda tena, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Ndiyo penseli yetu hiyo. Ukitazama basi unawaona walioahidi wanapumua.

Muda wa pumzi moja ulikuwa namba tu, iliyokaa peke yake kwenye faili dogo pembeni ya programu: elfu moja na mia mbili, yaani sekunde moja na kidogo. Programu ilipowashwa iliisoma namba ile, na rangi zote za basi ziliitii, za waliolipa na za walioahidi. Idrisa alinionyesha mahali ilipokaa akasema, "Ukigusa hapa nakukata mkono." Nikamwambia nitakuwa na udhuru wa kutokuosha vyombo. Hakucheka. Tulikuwa peke yetu sebuleni, Shangazi ameswali na amejilaza. Akaniambia kwamba kule ofisini Dar kulikuwa na taa ndefu ya dari iliyokuwa mbovu, inawaka na kuzima upesiupesi siku nzima, na aliomba ibadilishwe, wakasema kesho, na kesho ndiyo aliyoanguka. "Mwanga ukirukaruka mbele yangu kichwa kinakamatika. Ukienda taratibu sina shida nao, tunakaa kama ndugu." Kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, "Haji kasema tuijaribu mpaka Idi. Ikikaa vizuri anaichukua, na atawaambia wenzake wa stendi. Nikishindwa hapa, Mwaju, kinachobaki ni jembe."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Kompyuta ilihamia ofisini kwa Haji, nyuma ya dirisha langu, ikafunikwa kitambaa kilekile. Watu walikuja kuchungulia. Mzee mmoja wa Ihanja alilipia kiti chake, akakitazama kikitoka kwenye kupumua na kutulia kuwa chekundu, akasema, "Sasa nimekaa." Idrisa alikuwa anatembea kama aliyevaa viatu vipya. Shangazi alianza kusema kwa sauti, bila kuhamia Kinyaturu, kwamba mwanawe ana kazi mjini hapahapa, na Mama Tatu akaanza kuniuliza, huku akinitazama kiunoni, kama mimi na binamu yangu tutakuwa tunafundishana kompyuta mpaka lini. Nilimjibu kwamba mimi sina nia ya kuhama hata chumba. Yalikuwa majibu mazuri, kila mtu akacheka. Nimeyafikiria sana baadaye.

Siku moja kabla ya Idi, foleni ilitoka mlangoni ikazunguka mgahawa wa jirani. Idrisa alikwenda msikitini adhuhuri akaniacha peke yangu. Haji Rajabu akasimama mgongoni kwangu, kofia ameisukuma nyuma, anatazama kila kiti ninachobofya. "Hii rangi yako mbona inatembea kama mjamzito? Watu wananuna hapo nje. Haiwezi kukimbia?" Foleni haikuwa inangoja rangi. Ilikuwa inaningoja mimi, ninayeandika majina kwa vidole viwili. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama naweza kitu, na nilijisikia nikisema, "Naweza kuiharakisha, Haji." Nikafungua lile faili dogo. Nikafuta elfu moja na mia mbili, nikaandika sifuri. Nikaizima programu na kuiwasha upya. Nikabofya kiti, kikawa chekundu papo hapo, na Haji akanigonga begani. "Kumbe wewe ndiye fundi!" Sikuikumbuka taa ya Dar. Niliwaza waliolipa tu, kwamba rangi zao zitafika upesi. Waliolipa wanafika mara moja wakatulia. Walioahidi hawafiki, wanakwenda na kurudi, na mwendo wa sifuri kwao ni kwenda na kurudi upesi kadiri mashine inavyoweza. Basi la siku ile lilikuwa limejaa waliolipa, jekundu tupu, isipokuwa viti viwili vya nyuma vilivyokuwa vinametameta kwenye kona. Nikaona hata vinapendeza, kama taa za harusini.

Idrisa aliporudi, kanzu yake bado ina mkunjo wa kusujudu, nilimpisha kwenye kiti nikasimama dirishani kupokea watu. Nilisubiri aone kasi ili nijisifu. Mama mmoja wa makamo wa Nduguti, mwenye kuku wawili miguuni, alikuwa ananiuliza kama kiti alichokiagiza wiki iliyopita kipo. "Kipo, mama," Idrisa akamwitikia kutoka nyuma yangu, "hebu nikufungulie basi la kesho." Basi la kesho lilikuwa la Idi. Lilikuwa limejaa ahadi kuanzia kwa dereva mpaka kiti cha nyuma, karibu kila mtu wa vijijini alikuwa ametuma neno. Niligeuka kwa sababu ukuta wa mbele yangu ulianza kumetameta. Kioo kizima kilikuwa kinaruka, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, na uso wa Idrisa mbele yake unaruka nacho, macho yamekwama. Akasema, "Mwa..." Kiti kikaanguka kabla yake.

Foleni iliyokuwa inasukumana ikarudi nyuma kwa pamoja, kama mtu amemwaga maji ya moto. "Kifafa! Msimguse!" Haji mwenyewe aliinua kanzu yake na kuchutama juu ya benchi. Aliyeruka dirisha na kuingia ni yule mama wa Nduguti. Kuku wake aliwatupa, akamlaza Idrisa ubavu, akavua khanga yake ya kichwani akamwekea chini ya shavu. "Nani wake hapa?" akauliza. "Nani wa huyu mtu?" Mimi nilikuwa nimebana mgongo kwenye ukuta, mikono yangu nimeificha nyuma, na nikamjibu alipouliza mara ya tatu.

Walimpeleka kwa Shangazi kwa mkokoteni. Ofisi ikabaki tupu, watu wamekwenda kukata tiketi kwa jirani. Nilikaa mbele ya kile kioo kinachorukaruka, na kwa mara ya kwanza siku ile akili yangu ikafanya kazi haraka. Nikafungua faili. Nikafuta sifuri. Nikaandika elfu moja na mia mbili. Nikaizima programu na kuiwasha upya. Basi la Idi likaanza kupumua taratibu, na mimi nikalifunika kitambaa.

Siku ya tatu ya Idi Idrisa alikuja ofisini, midomo imepasuka, akiwa na koti ingawa kulikuwa na joto. Haji alikuwa ameshasema, na alisema kwa adabu zote: Mungu amponye, lakini wateja wanaogopa, mashine arudi nayo, hakuna ubaya. Idrisa akaniomba dakika moja. Akaiwasha. Nilijua anatafuta nini. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye lile faili, akalifungua, akaikuta namba yake imekaa kama alivyoiacha. Akaitazama muda mrefu. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Maneno matatu yangetosha: mimi ndiye niliyeigusa.

"Hukubadilisha kitu?" akaniuliza, bila kugeuka.

"Niiguse ili nikatwe mkono?" nikasema.

Akatabasamu kidogo, kwa heshima ya utani wangu. "Basi ni mimi," akasema. "Nilidhani ni mwanga wa kurukaruka. Kumbe hata wa taratibu."

Akazima. Kabla ya mvua za kwanza alikuwa ameshahamia Mgori kwenye shamba la marehemu baba yake. Kompyuta alimwachia Shangazi, naye akaiuza kwa mtu wa Dodoma kwa bei ya mbuzi. Nilisikia ameoa, nilisikia amepata mazao mazuri ya alizeti, nilisikia anaanguka mara kwa mara. Kila aliyetoka Mgori aliniletea salamu zake na tusi la kirafiki la Bi Kizingiti, na kila mara nilisema nitakuja msimu ujao. Namba mbili zilinipita kichwani kila ukoo uliponicheka kwa uvivu, na nilicheka nao. Leo vijana wananionyesha simu zao, vitufe vinavyobadilika rangi kwa utaratibu uleule, vinajivuta, vinakolea, vinapunguza, na wananieleza polepole kama mtu asiyejua. Angekuwa na kazi mahali popote. Kitu alichokosa ni kuambiwa kwamba alikuwa sahihi.

Kwa kuwa simu ilikuja mchana, nilifika Mgori wameshamzika. Mjane wake, Bi Rehema, alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, chumba cha udongo kilichosakafiwa vizuri, magunia ya alizeti yamepangwa mpaka darini. Nilingoja wanawake wengine watoke kwenda kutawadha, nikasogea nikamweleza yote: namba, sifuri, viti, faili. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, naruka mbele, na kwa vile hakuwahi kuona kompyuta ya namna ile ilibidi nimchoree basi kwa kidole juu ya mkeka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, na hakunikasirikia, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Dada," akasema, "huyo unayemsema mimi sikumjua. Mimi niliolewa na mkulima. Alikuwa haniruhusu hata niwashe tochi karibu yake, akasema kichwa chake kimeharibika chenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Nilimwamini."

Akanitazama, akingoja kama nina jingine.

"Umekula?" akaniuliza. Nikasema bado. Akashika goti, akainuka, akaenda kunitafutia chakula.